Kidole cha Mzee Gedeon

Chafya ya tisa ilimtoka Mzee Gedeon kabla hajamaliza kuvaa kiatu cha pili. Mkewe Vilma, aliyekuwa uani tangu saa kumi alfajiri akichochea moto chini ya sufuria la shaba, aliisikia kupitia ukuta.

"Afya!" akapaza sauti.

"Afya gani?" Gedeon akajibu kutoka ndani. "Macho yananiwasha mpaka natamani niyang'oe niyatie kwenye glasi ya maji, kama meno ya mama yako."

"Mama yangu mwache apumzike huko alikolala. Njoo utoe kokwa."

Ilikuwa siku ya jamu. Kwetu huku Szatmár, mashariki ya Hungaria, mwisho wa mwezi wa nane hatupangiwi na kalenda, tunapangiwa na plamu. Zikianza kusinyaa kwenye kikonyo, basi, kazi zote nyingine zinasimama. Na wiki hizo hizo ndipo magugu ya kando ya barabara yanapomwaga chavua yake, unga mwepesi usioonekana kwa macho, na nusu ya kijiji inatembea na leso puani. Mungu anisamehe, lakini ratiba hii sijui aliipanga akiwa anafikiria nini. Plamu hazingoji na chavua haingoji, kwa hiyo watu wanatoa kokwa huku wanapiga chafya.

Jamu yenyewe haitiwi sukari hata chembe. Ni plamu tupu, zinachemka saa kumi na nane, wakati mwingine ishirini, mpaka ziwe nyeusi na nzito. Sharti ni moja: mwiko hauachwi. Ni mwiko mrefu wa mti, urefu wake unampita mtu, na lazima awepo wa kuusukuma na kuuvuta muda wote. Ukiuacha dakika tano, jamu inashika chini, sufuria zima linanuka moshi, na mwenye sufuria atasemwa mpaka Krismasi. Vilma alikuwa amepika jamu mara thelathini na nane tangu aolewe, na haijawahi kushika chini hata mara moja. Jambo hilo alilitaja kila mwaka, bila kuulizwa.

"Usikoroge kama unakoroga kahawa," alimwambia mkwe wake, Tímea, ambaye zamu ya mwiko ilikuwa yake. "Sukuma, vuta. Chini! Mwiko uguse chini!"

"Unagusa, mama."

"Ungekuwa unagusa ningesikia."

"Mwache mtoto wa watu," akasema Etelka, jirani wa nyumba ya tatu, mjane, aliyekuja kusaidia kama anavyokuja kila mwaka, mikono kwenye beseni na mdomo haupumziki. "Huyo ni wa mjini. Kwao jamu inatoka dukani, rafu ya pili, karibu na sabuni."

Wakacheka. Tímea naye alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa na Bence, mtoto wa pekee wa Gedeon na Vilma, ambaye yuko Austria anajenga nyumba za watu na kurudi kila baada ya wiki tatu. Tangu mwaka jana aliishi hapa na wakwe zake na binti yake Lili wa miezi minane, ambaye wakati huo alikuwa amelala kwenye kigari chini ya chandarua. Mwaka mzima, na Mzee Gedeon bado alimwita "mke wa Bence," hata akiwa amesimama mbele yake.

Gedeon alitoka, akaketi kwenye kigoda kando ya ndoo za plamu, akaanza kazi. Pua ilikuwa nyekundu, macho yamevimba. Alikuwa akipasua plamu kwa vidole gumba, anatupa kokwa huku, nyama kule, na kila baada ya dakika anajipangusa pua kwa mkono wa shati. Baada ya saa moja mikono ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye kifundo.

"Kalsiamu ya mzio umekunywa, ile ya kuyeyusha majini?" Etelka akauliza.

"Nimekunywa tatu. Tumbo linatoa povu."

"Na kidonge cha aleji?"

"Nimekunywa. Hicho cha daktari, cha kila siku."

"Vya kisasa hivyo! Maji matupu. Subiri, mimi ninacho kile cha zamani, cha marehemu mume wangu. Kile kinamlaza hata farasi." Akajipangusa mikono kwenye aproni, akatoa mfukoni karatasi yenye vidonge viwili. "Mchana ukipumzika, meza kimoja. Utaamka mtu mpya."

Gedeon alikipokea, akakitia mfukoni. Tímea alitaka kusema neno, akamwangalia mama mkwe wake, akaendelea kusukuma na kuvuta.

*

Sukari alikuwa nayo Gedeon mwaka wa nne sasa, na mwaka wa pili wa insulini. Kijijini kila mtu anajua, ila yeye anaamini hakuna anayejua. Aliendesha kombaini ya ushirika miaka thelathini na moja, na hata sasa akiwa amestaafu walikuwa wakimwita wakati wa mavuno. Kiangazi hiki hawakumwita. Kijana mmoja wa ofisini alimwambia, "Mzee, na ile hali yako..." hakumaliza sentensi. Tangu siku hiyo Gedeon anapimia sukari stoo, katikati ya magunia ya viazi, mgongo ukiwa mlangoni, kama mtu anayeiba.

Wiki iliyotangulia mzio ulimshuka kifuani akawa anakoroma kwa pumzi. Daktari akampa vidonge vikali vya siku tano, akamwonya: hivi vitapandisha sukari yako, usishtuke, ukiona imezidi kumi na tano ongeza insulini kiasi hiki, nakuandikia. Vikiisha, unarudi kwenye kipimo chako cha kawaida. Gedeon alisema ndiyo, ndiyo, huku anaangalia dirishani kama baiskeli yake bado ipo. Sukari ikapanda kweli, kumi na sita, kumi na nane, akaongeza insulini, ikashuka. Akakiamini sana kile kikaratasi cha daktari. Vidonge viliisha Jumapili. Siku ya jamu ilikuwa Jumatano.

Saa sita na nusu mchana Vilma alipiga sufuria ndogo kwa kijiko. "Supu ya maharage! Njooni kwa zamu!"

Gedeon aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaingia stoo. Akatoboa kidole, akaminya, akagusisha tone kwenye kijiti. Mashine ikasema ishirini na moja nukta tatu.

"Eeh! Ishirini na moja!" akanong'ona.

Mashine haikukosea, maskini. Ilisoma ilichopewa. Ila kwenye kile kidole kulikuwa na maji ya plamu ya saa nne nzima, yamekauka na kunata, na tone la damu likayazoa. Damu ya Gedeon yenyewe ilikuwa saba, labda nane. Angenawa tu mikono. Bomba lilikuwa hatua kumi kutoka stoo, lakini karibu na bomba walikaa wanawake, na mtu anayenawa kisha akaingia stoo ataulizwa anakwenda kufanya nini.

Alikitoa kile kikaratasi. Akahesabu kwa midomo. Akazungusha kalamu ya insulini mpaka kumi na nne, akajidunga tumboni.

"Supu inapoa!" Vilma akaita.

"Sili. Sina njaa."

"Huna njaa? Wewe?"

"Nimesema sina." Moyoni alikuwa akisema, sukari ishirini na moja halafu niongeze na maharage, si nitapasuka? Akameza kidonge cha Etelka kwa maji, akaingia chumba cha mbele, akajilaza juu ya blanketi na viatu vyake.

*

Saa nane kasoro dakika chache Tímea aliingia ndani kuchukua nepi. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Alimwona baba mkwe amelala chali, mdomo wazi, shati limelowa kifua kizima. Akasimama kidogo, akatoka.

"Mama, baba ametoka jasho sana."

"Joto hili nani hatoki jasho? Mimi mwenyewe nimelowa."

"Kule ndani kuna baridi, mama."

"Ni kidonge," akasema Etelka, na alisema kwa fahari. "Sikuwaambia? Anaamka jioni anaomba kucheza dansi."

Tímea alishika mwiko. Sukuma, vuta. Jamu ilikuwa imeanza kuwa nzito, inapasuka mapovu na kurusha matone yanayochoma mikono. Huu ndio wakati wenyewe wa hatari, wa kutouacha mwiko hata kwa kupiga chafya. Etelka aliaga kwenda kulisha bata wake, robo saa tu. Vilma alichukua kapu la chupa kwenda kuziosha kwenye bomba.

"Mama," Tímea akaita. "Baba alikula?"

"Hakutaka."

"Na sindano yake alijidunga?"

Vilma aligeuka, chupa mkononi. Katika nyumba hii ile sindano haikuwa ikitajwa uani kwa sauti. "Anajidunga kila mchana. Kwani wewe umekuwa daktari?"

"Amejidunga halafu hakula?"

"Tímea. Mimi nimekaa na huyo mwanamume miaka thelathini na nane. Akilala, mwache alale. Koroga."

Akakoroga. Mara kumi, mara ishirini. Vilma alikuwa amempa mgongo, bomba linavuma ndani ya chupa. Sasa nikwambie ukweli, Tímea alikuwa anamwogopa mama mkwe wake. Si kwamba Vilma alikuwa mtu mbaya, hapana, ila alikuwa na namna ya kusema "wewe si wa huku" bila kulitamka hilo neno, kwa kukutoa kijiko mkononi tu. Na mwiko huu, leo, ulikuwa mara ya kwanza wamemwamini na kitu. Alijua kabisa akiuacha itakuwaje.

Akauacha. Akakimbia.

*

"Baba! Baba, amka!"

Gedeon alifungua jicho moja. "Zima injini," akasema. "Ngano imelowa."

"Baba, mimi ni nani?"

"Waambie wazime." Midomo ilikuwa myeupe, mikono inatetemeka juu ya blanketi, na jasho lake lilikuwa la baridi.

Tímea alikimbilia stoo, akarudi na kile kipochi cheusi. Kuitumia mashine alijua. Alipokuwa na mimba ya Lili sukari ilimpanda, akapima mara nne kwa siku kwa miezi mitatu. Alitoboa kidole cha Gedeon, akaminya.

Saba nukta mbili.

Hapo hapo Vilma akaingia, na kelele zilimtangulia. "Umeuacha mwiko! Msichana wewe, una akili? Umeuacha mwiko! Jamu inashika chini, inanuka mpaka barabarani!"

"Mama, ngoja..."

"Ningoje nini? Hiyo inasema ngapi?"

"Saba."

"Saba! Saba si ndiyo sukari nzuri? Daktari mwenyewe akiiona saba anatoa pipi. Unampima mtu amelala, unamtoboa toboa, na kule nje kazi ya mwaka mzima inaungua! Toka. Toka urudi kwenye sufuria!"

Tímea aliinuka. Mtu akikuambia saba ni saba, utabishana na nini? Akafika mlangoni, akashika kitasa, na mkono wake ukanata. Akauangalia. Wa zambarau. Akageuka akaangalia mkono wa Gedeon juu ya blanketi, wa zambarau zaidi, umekauka katikati ya vidole.

"Hakunawa," akasema.

"Nini?"

"Mama, hakunawa mikono! Hata mimi sikumnawisha. Tumepima plamu!"

Alichukua beseni la sabuni lililokuwa jikoni, akarudi mbio maji yanamwagika, akaushika ule mkono akausugua kama anavyosugua masufuria, kidole kimoja kimoja, kucha, katikati. Akasuuza, akaukausha kwa taulo safi. Vilma alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango. Harufu ya moshi ilikuwa inaingia kwa dirisha, na kwa mwanamke wa kwetu harufu ile ni kama mtu anamwita kwa jina. Alipiga hatua moja kuelekea nje. Kisha hakwenda.

Tímea alitoboa kidole kingine. Wakangoja, wote wawili wameinama juu ya kile kioo kidogo.

Moja nukta nane.

"Moja?" akasema Vilma.

"Moja nukta nane, mama. Sukari! Sukari na maji, haraka!"

Vilma alikimbia jikoni. Sukari katika nyumba ile ilikuwa imefichwa, maana aliificha mwenyewe ili Gedeon asiione, na sasa alifungua kabati la kwanza, la pili, kopo la unga, kopo la mkate mkavu, anasema peke yake, "Niliiweka wapi, Mungu wangu, niliiweka wapi?" Akapiga kelele, "Nilete jamu?"

"Inachemka, itamuunguza koo! Tafuta sukari!"

Ilikuwa nyuma ya chumvi ya kachumbari. Alimwaga nusu yake sakafuni.

Tímea alikuwa ameshamkalisha Gedeon, amemweka mto mgongoni. "Baba, meza mate. Meza nione." Akameza. "Haya, na hii."

Kijiko cha kwanza alimeza. Cha pili alimtemea mkwe wake shavuni. "Wachawi nyie! Mnataka kuniua!"

"Sawa, baba. Meza kwanza, halafu ututukane."

Akameza cha tatu. Akameza cha nne. Vilma alikuwa amepiga magoti amemshika miguu, viatu na yote, na alikuwa analia bila sauti.

Nje ikasikika sauti ya Etelka, ya kupasua anga. "Vilma! Vilma wee! Jamu inaungua! Mmekufa humo ndani?"

"Iache iungue!" Vilma akajibu, na sauti hiyo Etelka anasema hajawahi kuisikia kwake maisha yote. "Piga simu ya dharura! Gedeon sukari imeshuka! Piga simu!"

Etelka alionekana mlangoni, simu mkononi, uso umemwisha damu. "Ni kidonge changu? Vilma, niambie, ni kidonge changu?"

"Piga simu kwanza, utalia baadaye!"

Walimnywesha glasi nzima. Baada ya robo saa, kidole kimenawishwa tena, mashine ikasema tatu nukta nne. Wakamwongezea. Baada ya robo saa nyingine, tano nukta moja. Gedeon alifumba macho, akayafumbua, akawaangalia wanawake watatu walioinama juu yake, na Etelka akiwa anafuta machozi kwa pazia.

"Nani anachoma matairi?" akauliza.

Vilma alicheka mpaka ikabidi akae sakafuni, juu ya sukari iliyomwagika.

*

Gari la wagonjwa lilifika saa tisa na dakika kumi. Mhudumu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alipima, akasikiliza kisa, akauliza kila kitu mara mbili.

"Nani alifikiria kumnawisha?"

Vilma akamwonyesha Tímea kwa kidole, kama mtu anayemshtaki.

"Nikiwa na mimba," Tímea akasema, "nilikula pichi halafu nikapima. Ikatoka kumi na saba. Nesi akanigombeza mbele ya watu wote kwenye foleni. Nilitamani nizame chini."

"Huyo nesi mpelekee maua," akasema mhudumu. Akamgeukia Gedeon. "Mzee, sasa nisikilize. Insulini uliyojidunga bado iko mwilini, inaweza kukushusha tena. Usiku wa leo unalala kwetu. Na hicho kidonge cha kulaza farasi, ndicho kilichowafanya wote wadhani umelala usingizi. Cha mwenzako humezi tena. Umenielewa?"

"Nitakwenda kesho," akasema Gedeon. "Kwa baiskeli."

"Utakwenda sasa," akasema Vilma.

Kwenye uzio walikuwa wameshakusanyika watu, kumi au zaidi, wameletwa na moshi na kubakizwa na gari. Gedeon alikataa machela. Alitembea mwenyewe, shati limelowa, suruali imefungwa kifungo kimoja, na mtu akauliza kwa sauti, "Ni moyo?" Gedeon akasimama. Kila mtu aliona kwamba anatafuta uongo wa kusema.

"Ni sukari," akasema. "Nina sukari. Nilijidunga vibaya." Akapiga chafya. "Afya yangu mwenyewe," akaongeza, akapanda gari.

Uani walibaki wanawake. Etelka alikuwa ameshaliepua sufuria motoni. Waliteka jamu ya juu kwa uangalifu, waimalizie usiku katika sufuria jingine, wakaiacha ile nyeusi ya chini ikiwa imeganda kwenye shaba. Vilma alionja kwa ncha ya kijiko. Etelka naye akaonja.

"Si sana," akasema. "Tunaweza kusema kuni zilikuwa mbichi."

"Ni mimi, mama," akasema Tímea. "Nisamehe."

Vilma alimwangalia. Msichana alikuwa na sukari iliyokauka shavuni pale alipotemewa, hakuwa hata amejipangusa. Vilma alichukua ncha ya aproni yake, akailowesha kwa bomba, akamfuta shavu, taratibu, kama anavyomfuta Lili. "Nenda ukamchukue mtoto," akasema. "Anakulilia."

*

Alhamisi mchana Gedeon alirudi, na somo kichwani, akalisema mezani bila kuangalia mtu. Kwanza mikono, sabuni na maji, kisha kukausha. Ukiona namba ya ajabu, unanawa tena, unapima tena, ndipo unagusa kalamu. Vile vidonge vikali vikiisha, na ile nyongeza ya insulini imeisha. Usijidunge ya chakula halafu usile. Alipomaliza akainuka, akaenda kwenye bomba mbele ya Etelka na mbele ya barabara nzima, akanawa, akarudi akaweka mashine mezani karibu na kikapu cha mkate, akapima.

"Sita nukta tano," akamwambia Tímea, akamgeuzia kioo aone. Kisha akabaki anakichezea kifuniko cha mashine. "Mimi si mtu wa maneno, binti yangu. Bence anajua. Daktari kaniambia, nusu saa nyingine, basi. Nusu saa." Akavuta pua, na safari hii haikuwa chavua. "Asante. Asante sana. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Tímea alimsogezea mkate.

Jumamosi zilibaki lebo. Kwetu chupa ya jamu haitoki nyumbani bila karatasi: mwaka, na jina la mwanamke aliyeipika. Chupa hizo zinakwenda kwa padri, kwa mwalimu, kwa ndugu wa mjini Debrecen, kwa Bence na wenzake huko Austria, na watu wanazisoma vizuri kabla ya kuonja. Chupa zilitoka hamsini na mbili. Etelka alikuwa ameshauri zisibandikwe kitu, au wapewe nguruwe, kwani nguruwe hawasemi.

Vilma aliweka mezani karatasi, gundi na kalamu. "Wewe una mwandiko mzuri," akamwambia Tímea. "Kaa."

Tímea aliandika mwaka. Akaanza kuandika V.

"Hapana. Andika jina lako."

Kalamu ikasimama. Uso ulimwiva mpaka masikioni. "Mama... Inanuka moshi. Mnataka kila mtu ajue ni mimi niliyeiunguza?"

"Ndiyo," akasema Vilma. "Nataka padri aifungue, anuse, akunje uso, atafute jina. Halafu aje kuniuliza, Vilma, huyu mkwe wako vipi? Na aje. Wote waje, mmoja mmoja. Nitamkalisha pale, nimwambie mwanangu aliuacha mwiko mimi nilipomkataza, na kama angenisikiliza, leo ningekuwa nabandika karatasi nyingine, za mazishi." Akaishika chupa kwa mikono miwili. "Thelathini na nane nilizopika mimi, hakuna hata moja iliyomrudisha mtu. Andika."

"Andika kubwa," akasema Gedeon, aliyekuwa ameshika brashi ya gundi. "Macho yangu bado yamevimba."

Tímea akaandika. Mkono ulikuwa unamtetemeka, kwa hiyo kwenye chupa tatu za kwanza jina lake limepinda. Hizo tatu Vilma alizipeleka chumbani kwake, akaziweka juu ya kabati, na hakuna mtu aliyepewa.